Kumbikumbi Kwenye Kabati la Kioo

Jumapili, 6 Oktoba 2024

Naanza kuandika leo kwa sababu kuna maneno ambayo mtu hawezi kumwambia mke wa ndugu yake, na yasipotoka yatanitoboa tumbo. Shemeji ni shemeji. Huku kwetu juu ya Runyenjes ukimkosea heshima mke wa ndugu yako, wazee watakutoza mbuzi na ndugu yako atakutoza miaka. Daftari halitozi kitu.

Kwa yeyote atakayelisoma nikishaenda: mimi ni Salesio Muchangi, Baba Kinya, wa darasa la saba, lakini lile darasa la saba la zamani ambalo ni sawa na fomu foo ya siku hizi. Kazi yangu ni chai kidogo, kahawa kidogo, na nzi. Si nzi wa choo. Ni ndoano ndogo unayoivalisha manyoya ya jogoo na uzi mpaka samaki wa mto Thuci adhani ni mdudu wa kweli, ameze. Samaki wenyewe ni trauti, wanakaa maji baridi ya juu, na wana macho kuliko mkaguzi wa shule. Pale mpakani mwa msitu kuna kambi ya wavuvi, na kwa miaka kumi na tisa wageni wa kambi hiyo wamevua kwa nzi wangu. Mimi mwenyewe niliwahi kumnasa trauti akaniburuta kutoka darajani mpaka shamba la tatu la chai, nikienda kwa tumbo kama gogo linaloteleza kwenye matope, na nilipomtoa wachuma chai waliacha vikapu wakaja kunisalimu. Gladys, mke wangu, husema niliteleza tu. Gladys hakuwepo.

Sasa shida. Mdogo wangu Runji amemrudisha mke wake nyumbani. Cicily alikuwa Nairobi miaka saba kwenye karakana ya kufunga nzi wa kupeleka ng'ambo. Karakana imefungwa. Amekuja na vaisi yake, kile kibano cha kushikia ndoano, na sanduku la vifaa mara tatu ya langu. Meza ameiweka kwenye veranda yao, inayotazamana na yangu. Hatua ishirini. Nimezipima.

Jumanne, 8 Oktoba

Amefunga nzi thelathini kabla ya chai ya saa nne. Mimi sita. Lakini wangu wana roho.

Ijumaa, 11 Oktoba

Kathuri, jirani yangu, amekaa kwenye benchi langu kila asubuhi miaka yote hii akisikiliza habari za mto. Leo nimemwona amebeba chai yake mpaka veranda ya Runji.

"Kathuri, umehama?"

"Nimefuata kivuli, Baba Kinya."

"Kivuli cha asubuhi kiko huku."

"Basi nimefuata mandazi."

Wote wanaenda kule. Wanasimama nyuma ya Cicily, wanaangalia vidole, wanasema aaa. Kwangu hakuna aliyewahi kusema aaa. Walisema, "Salesio, endelea, huyo samaki akakuvuta mpaka wapi?"

Kitu kimoja kimenipa nafuu. Jioni Cicily amekuja kuomba chumvi, akauliza kwa ile sauti yake ya chini, "Shemeji, trauti ni mkubwa kiasi gani kweli? Miaka saba nimemfungia chakula, sijawahi kumwona mwenyewe."

Nikafungua mikono. Nikafungua tena kidogo. Nimelala vizuri.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimetoka kambini. Meneja wao, Mugambi, ana kabati la kioo kwenye chumba wanachokula wageni. Ndani yake kuna nzi wa kila nchi, kila mmoja juu ya kipande cha pamba, na chini yake kadi yenye jina la aliyemfunga. Wa hapa hakuna.

Mugambi akaniambia, "Mzee Salesio, wageni wananiuliza, mdudu wa mto huu ni yupi? Nataka kumbikumbi. Si fundo la manyoya la kusema ni kumbikumbi. Namtaka mwenyewe, mguu kwa mguu, mtu akimwona amfukuze kwa gazeti. Katikati ya Novemba nitaweka mmoja, na jina la mwenyewe chini."

Nzi wangu wameliwa na samaki wa Thuci miaka kumi na tisa, na jina langu halijaandikwa popote katika kambi ile isipokuwa kwenye kitabu cha geti. Nalitaka hilo kabati. Naandika wazi kwa sababu hakuna anayeniona: nalitaka kuliko nilivyomtaka Gladys, na Gladys nilimfuata mpaka kwao nyuma ya soko la Gakoromone, kwa miguu, usiku na mchana, simba wawili njiani.

Alhamisi, 17 Oktoba

Habari ya kabati niliificha siku mbili. Ya tatu Gladys akaipeleka kwa Cicily pamoja na sukari.

Jumapili, 20 Oktoba

Hakuna mvua. Mahubiri marefu.

Jumanne, 22 Oktoba

Imenyesha. Kuanzia saa sita mpaka saa tisa, kisha jua likatoka kali, na ardhi ikafunguka. Kumbikumbi walitoka kwenye kila tundu kama watu wanaotoka kanisani Krismasi. Kuku walikimbia huku na huku hawajui waanze na nani. Diwani, jogoo wangu, alikula mpaka akakaa chini.

Huyo Diwani mnisikie. Ni mwekundu wa kutu, na manyoya ya shingo yake ni magumu, membamba, yanang'aa kama waya wa shaba. Nikihitaji, namshika, nang'oa mawili matatu, namwachia. Nusu ya kazi yangu imetoka kwenye shingo ile.

Cicily naye alitoka na chupa ya jamu. Akapiga magoti kwenye matope akimwangalia kumbikumbi mmoja tu, muda wa mtu kuchemsha mayai. Runji akamshikia mwavuli. Ndugu yangu, ambaye hajawahi kunishikia hata tochi.

Alhamisi, 24 Oktoba

Amemfunga.

Nimeambiwa niende nikamwone, nikaenda nikijifanya natafuta jembe. Dirishani palikuwa na kumbikumbi wawili, bega kwa bega. Runji akasema, akicheka, "Kaka, wewe ndiye mtaalamu. Mmoja alikufa jana, mwingine hajawahi kuishi. Onyesha."

Nikainama. Mwili wa hudhurungi, umegawanyika pete pete. Miguu sita, kila mguu na goti lake. Mabawa manne ya karatasi laini ya nailoni, kingo zake zimechomwa kidogo kwa mshumaa ili zipinde, na mishipa imechorwa humo ndani kwa kitu chembamba kama unywele. Kathuri alikuwepo. Gladys alikuwepo. Nikainua kidole, nikasema, "Huyu ndiye wa uongo. Kichwa chake kimezidi."

Cicily akamchukua yule niliyemwonyesha, akamponda kwa vidole. Akatoka maji.

"Hata mimi kuna wakati nachanganya, shemeji," akasema.

Aliniokoa. Hicho ndicho kilichoniuma zaidi.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimefanya jambo.

Jana nilifunga kumbikumbi wangu, siku nzima, kwa manyoya ya Diwani mwenyewe. Nikamweka kiganjani. Kwa macho yangu hakuwa na kosa. Nikajiambia, watu wanasifu wa Cicily kwa sababu ni mgeni na ana sanduku kubwa. Watu wana upendeleo. Kuku hana.

Asubuhi hii wanawake walikuwa wameenda kufagia kanisa na Runji alikuwa kwenye chai. Nikavuka zile hatua ishirini, nikamtoa wa Cicily dirishani, nikarudi kwangu. Nikawatupa wote wawili uani, wangu kulia, wake kushoto, nikamwita Diwani. Nilijua hatameza. Ndoano ni chuma, na kuku ana akili. Nilitaka tu aangalie. Nilitaka ashindwe kuchagua.

Diwani akaja. Akamkanyaga wangu. Hakumruka, alimkanyaga, kama mtu anavyokanyaga changarawe, bila kuinamisha kichwa. Alipofika kwa wa Cicily akasimama, akamgeuzia jicho moja, akamgeuzia la pili, na kabla sijainua mguu, akammeza.

Niandike ukweli wa kilichonijia kwanza. Si kumhurumia jogoo. Si kuogopa. Ni wivu. Nilikumbuka majogoo wote waliopita kwenye uwanja huu, wakitembea juu ya nzi wangu walioanguka, na mimi nikijisifu kwamba kuku wangu wana nidhamu.

Kisha Diwani akaanza kutikisa kichwa na kunyoosha shingo, na nikaona hatafika jioni. Nikaingia jikoni nikachukua kisu.

Gladys amenikuta namnyonyoa. Akasimama na ufagio.

"Umemchinja Diwani?"

"Tangu Cicily arudi hatujamkaribisha. Nimefikiri, kesho baada ya kanisa, tule pamoja."

Akauegemeza ufagio ukutani. Runji alipoambiwa alikuja akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na macho yake yalikuwa na maji. "Kaka," akasema, "sikujua unamchukulia hivyo."

Jumapili, 27 Oktoba

Gladys ndiye aliyempasua. Nilikuwa nyuma ya jikoni nachanja kuni akaja, akafungua kiganja. Kumbikumbi alikuwa pale, amelowa, bawa moja limepinda, vinginevyo mzima.

"Nimemtoa kwenye kifuko cha shingo. Ni nini hiki?"

"Kumbikumbi."

"Kumbikumbi ana ndoano?"

Nikachukua ukuni mwingine.

"Huyu si wako, Baba Kinya."

"Unajuaje si wangu?"

"Wako ningemjua."

Nimeishi na mwanamke huyu miaka ishirini na minne. Ameniambia mambo mengi. Hakuna lililonichoma kama hilo, na alilisema taratibu tu, kama mtu anayesoma saa. Kisha akasema, "Mimi nitamrudisha dirishani, nitasema ameangushwa na upepo. Na wewe leo, firigisi, utampa Cicily. Kwa mkono wako. Watu wakiwa wamekaa."

Asiyejua kwetu hataelewa. Firigisi ni ya mwenye boma. Baba alikula, babu alikula. Mama yangu aliipika miaka hamsini na akafa hajui ladha yake. Mgeni mkubwa mno, labda mchungaji, unaweza kumkatia nusu.

Tukakaa. Kathuri, Runji, Cicily, wazee wawili wa kanisa. Gladys akaleta sahani, akaiweka mbele yangu, firigisi juu, akabaki amesimama. Nikasimama. Nikasema, "Mimi Salesio si mtu wa kawaida, na mambo yangu si ya kawaida. Leo hii nampa shemeji yangu."

Kathuri alikohoa mchuzi. Mzee mmoja aliuliza, "Unampa nini?" Cicily alikataa mara tatu, akificha uso kwa leso, mpaka Runji mwenyewe akamwambia, "Kaka amesema. Kula." Akala, macho chini, akitafuna polepole kama mtu aliyepewa siri.

Nilimwangalia mdomo. Ilikuwa yangu, ile firigisi.

Ijumaa, 1 Novemba

Mambo ya ajabu. Habari imefika mpaka kituo cha kupima chai. Wanawake wananisalimu kwa jina. Mwalimu mkuu amenisimamisha njiani kuniambia nimewatangulia watu wa Embu kwa miaka thelathini. Nimemwambia mimi huwa naona mbali. Nikaeleza jinsi nilivyolifikiria jambo hilo tangu utotoni.

Nimekuwa na furaha mpaka saa kumi, nilipoona watu saba kwenye veranda ile.

Jumanne, 5 Novemba

Cicily amekuja leo, amevua viatu mlangoni. Tangu ile siku ananiheshimu mpaka naona aibu.

"Shemeji, nimefunga mdudu aliyekaa kwenye chupa. Lakini samaki humwona majini. Wewe ndiye unaujua mto. Kumbikumbi akiangukia maji, anakaaje?"

Naujua mto. Hilo si majigambo. Kumbikumbi akianguka hulala. Maji humshika mabawa, mawili upande huu, mawili upande ule, bapa kama jani, na yeye hutapatapa katikati. Nimewaona mara elfu.

Nikasema, "Mabawa juu. Yamesimama wima, kama mikono ya mtu anayeomba."

Akaandika kwenye kijitabu. Akachora na kapicha.

"Asante, shemeji. Mwingine asingeniambia."

Jumamosi, 9 Novemba

Amefunga dazeni nzima, mabawa juu. Wamejipanga mezani kama kwaya. Ukungu siku nzima.

Jumatatu, 11 Novemba

Mvua. Gladys ameniuliza kwa nini sili. Nimesema meno.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimekaa na daftari hili tangu saa kumi na sijui nianzie wapi, na mimi si mtu wa kukosa pa kuanzia.

Runji aliniomba nimpeleke Cicily mtoni akamwone trauti kwa macho yake, kabla Mugambi hajachagua. Baada ya firigisi ningekataaje? Tukatoka watatu. Runji akabaki kituo cha chai kwenye foleni ya kupima majani, akasema atatufuata. Tukapanda sisi wawili mpaka kwenye mawe makubwa chini ya kambi, pale maji yanapogeuka. Mto ulikuwa na rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, lakini unaona chini. Manyunyu yalikuwa yamepita, jua likatoka, na kumbikumbi wakaanza kupanda kutoka ukingoni. Wengi walianguka majini.

Nilikuwa nafunga uzi kwenye mwanzi wa kuvulia. Nilipoinua macho, Cicily amelala kifudifudi juu ya jiwe na sweta yake ya kanisa, uso unakaribia kugusa maji. Hakusonga. Nikaona mgongo wake tu. Nilijua anaona nini.

"Shemeji," akasema.

"Naam."

"Wamelala."

Mto ukaendelea.

"Wote wamelala," akasema tena. Kisha, bila kunigeukia, "Labda wale wa miaka yenu walikuwa wanasimama."

Angenitukana ningejua la kufanya. Nina majibu ya matusi, ninayo ya akiba. Akaketi, akatoa kikopo chake, akachagua kumbikumbi mmoja katika ile kwaya, akayakunja mabawa kwa ukucha wa gumba, mawili kulia, mawili kushoto, mpaka yakalala. Akanipa.

Nikarusha. Mara ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Ya tatu maji yakafunguka kimya kimya, kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa, na mwanzi ukapinda mpaka nikadhani umekatika. Nilipigana naye dakika nyingi. Hapa ndipo ningeongeza mashamba ya chai, lakini Cicily alikuwa ameshika mkanda wangu kwa nyuma nisianguke, na shahidi akikushika mkanda huwezi kuongeza kitu. Nikamtoa majini, nikamlaza kwenye nyasi.

Cicily akachuchumaa mbele ya samaki. Akaweka kidole karibu na ubavu bila kugusa.

"Ana madoa," akasema. "Mekundu. Miaka saba, hakuna aliyewahi kuniambia ana madoa."

Shubiri mbili na vidole vitatu. Na kwa kuwa hili ni daftari nitaandika: huyu ndiye trauti mkubwa kuliko wote niliowahi kushika. Yule wa mashamba matatu alikuwa shubiri moja, na niliteleza.

Tukampandisha kambini. Mugambi akaja na rula, wapishi wakatoka, na wageni wawili. Mugambi akamtoa kumbikumbi mdomoni mwa samaki, akamfuta kwa shati, akamgeuza kwenye mwanga.

"Nani amemfunga huyu?"

Nilifungua mdomo niseme Cicily. Nawaapia jina lilikuwa juu ya ulimi. Kilichotoka ni, "Mimi."

Mugambi akamgeukia yeye, aliyekuwa amesimama nyuma na kikapu. "Kweli, mama?"

Cicily akaangalia kikapu. "Shemeji akishasema, imesemwa."

Tulipokuwa tunashuka alitangulia. Tukamkuta Runji njiani, akauliza, "Mmemwona?" Cicily akamjibu, "Nimemwona. Ana madoa."

Jumamosi, 16 Novemba

Kadi imewekwa. KUMBIKUMBI WA THUCI. AMEFUNGWA NA SALESIO MUCHANGI. Nimeisoma mara tisa.

Jumanne, 19 Novemba

Gladys ameniuliza, "Ni wako kweli yule wa kambini?" Nimesema ndiyo. Akasema, "Haya." Amenipakulia githeri, akaenda kula kwa Cicily.

Alhamisi, 21 Novemba

Leo nilikuwa kambini na daktari mmoja wa Meru amesimama mbele ya kabati, miwani kwenye paji la uso, akisema polepole, "Mikono hii. Mtu aliyefanya hivi ana subira ya mawe." Mugambi akanionyesha. Daktari akanishika mkono, akakiangalia kiganja, akaugeuza.

Nilitakiwa kuvimba. Nilingoja nivimbe. Badala yake ukaja ule moto wa kawaida, ule wa tangu Oktoba, nikaangalia pande zote nione Cicily yuko wapi, nani anamsifu. Hakuwepo. Palikuwa na kadi tu. Ikabidi nikubali kwamba ninamwonea wivu huyo Salesio Muchangi wa kwenye kadi, kwa sababu yeye anajua kufunga kumbikumbi na mimi sijui.

Mugambi akanisindikiza mpaka getini. "Wageni wa Desemba wote wanamtaka. Niletee dazeni mbili, Ijumaa ijayo. Kama yule yule, mzee. Usibadilishe kitu."

Jumapili, 24 Novemba

Siku tatu. Nimeharibu ndoano kumi na moja. Miguu inatoka kama ufagio. Mabawa nikiyapitisha kwenye mshumaa yanakuwa moshi. Nimefunga mmoja ambaye Kathuri amemwokota akauliza kama ni mbegu ya mchicha.

Jumatatu, 25 Novemba

Nimevuka zile hatua ishirini mchana, watu wakiniona.

Cicily alikuwa peke yake. Nikasimama kwenye ngazi.

"Karibu, shemeji."

"Mugambi anataka dazeni mbili."

"Za yule?"

"Za yule."

Akasogeza kigoda kwa mguu. Nikakaa. Ni kifupi, magoti yangu yalifika kidevuni. Nikasema, "Nilisema uongo kule kambini."

"Nilikuwepo."

"Na mabawa."

"Nililala juu ya jiwe, shemeji. Niliona."

Akawasha mshumaa, akanikatia nailoni. Nikamuuliza mbona hakunisema kwa Mugambi, au kwa Runji, au hata kwa Gladys. Alikuwa anapitisha uzi kwenye bobini na hakusimama.

"Kule Nairobi nilifunga nzi wa watu," akasema. "Pakiti iliandikwa jina la kampuni. Siku moja nilimwuliza supavaiza, kuna anayejua hawa wamefungwa na Cicily? Alicheka mpaka akawaita wengine waje wasikie swali. Nimezoea."

Nimewahi kuanguka kutoka kwenye mti wa mgrevilea wa futi arobaini nikasimama na kutembea. Hilo neno limeniangusha nikiwa nimekaa. Miaka kumi na tisa ya kitabu cha geti, nami nikadhani ni mimi tu duniani.

"Umebana uzi mno," akaniambia. "Atakufa kabla hajazaliwa. Legeza."

Kathuri akapita na kikombe chake. Akasimama. "Baba Kinya! Unamfundisha shemeji?"

"Kidogo kidogo," nikasema.

Cicily akaendelea kufunga.

Jumatano, 27 Novemba

Yeye kumi na tisa. Mimi mmoja, na ana goti.

Ijumaa, 29 Novemba

Mvua ilikuwa imekatika. Nilipanda peke yangu na kikopo chini ya koti. Ndani yake dazeni mbili: ishirini na wawili wake, wawili wangu. Njiani nilijiambia Mugambi hatajua. Nilikuwa na maneno tayari, mazuri, ya jinsi nilivyofunga siku nne bila kula.

Mugambi akawamwaga kwenye kitambaa cheupe mezani, chini ya kabati. Akaanza kuwapanga kwa kidole, mmoja mmoja, bila haraka. Walikuwa wanapendeza. Mpishi alitoka jikoni, akarudi nyuma kidogo alipowaona. Mugambi alifika wa nane, akamsukuma pembeni. Wa kumi na saba, akamsukuma pembeni. Alipomaliza akawainua wale wawili.

"Mzee, kazi ni safi. Lakini hawa wawili nani amewafunga? Kuna mtu amekuharibia."

Wale ishirini na wawili walikuwa pale mezani, mabawa yamelala, na jina langu lilikuwa juu yao kwenye kioo kwa herufi kubwa. Nikawaangalia wale wawili kwenye kiganja chake. Niliwajua. Gladys angewajua.

"Hao ndio wangu," nikasema.

Mugambi hakuelewa. Kisha akaelewa. Neno baya ningelipenda; hakulisema. Akafungua kabati, akatoa kadi, akaigeuza upande mweupe. Akachukua kalamu.

"Yule mama wa kikapu," akasema.

"Yule."

"Anaandikwaje?"

Ni herufi sita. Nikamtajia moja moja, na kila moja ilitoka kama jino.

Alipoiweka nikainama kuisoma. Daktari angekuwepo angesema aaa. Nilikuwa na wivu mpaka masikio yalikuwa moto. Nikaomba kalamu, nikaongeza jina la pili la Runji, ambalo ni langu pia, kwa mwandiko wangu, ili mtu asije akadhani ni Cicily mwingine.